Nyekundu Haikuwa na Kosa

Newala, Jumapili alasiri

Mwanangu Somoe,

Marahaba. Hiyo ni ya shikamoo yako ya asubuhi. Ulinisalimia umepiga goti kando ya mashine, ukaniuliza swali lako, na mimi badala ya kuitikia nikarusha spana ukutani. Plasta imebanduka. Mama yako ameniambia nisile mpaka niuzibe ukuta wake, nami nimekula bila kuuziba, kwa hiyo humu ndani leo hakuna anayezungumza na mwenzake. Nimekaa nyuma ya jiko na daftari lako la zamani la shule. Mdomo wangu umevimba na jino moja la mbele halipo. Nitafika huko.

Mambo ya sweta, ya kuchemsha maji na ya kupiga simu ukifika Mufindi kwenye kazi yako ya kukata miti nimemwachia mama yako, anayajua na atayarudia mpaka gari liondoke. Mimi nataka kujibu swali. Ulisema hivi, nakumbuka neno kwa neno: “Baba, siku ya kwanza kila mkataji anachagua chenso yake, msumeno wake wa mashine. Kuna nzito ya kuangushia na nyepesi ya matawi. Ile nyepesi ni nyekundu, nimeiona kwenye picha. Mimi nitachukua ya chungwa hata kama itanishinda uzito, nyekundu zinakata minyororo. Au nimekosea?”

Umekosea, mwanangu. Na aliyekukosesha ni mimi.

Ngoja kwanza nikujibu kifundi, maana hilo ndilo rahisi. Chungwa yetu unaijua. Ina nguvu, upanga wake mrefu, ule unaozungukwa na mnyororo, unaingia kwenye shina la mkorosho mzee na kutokea upande wa pili bila wewe kusukuma. Kwa kuangusha mti mnene sijaona mashine ya kuishinda. Lakini ni nzito, na uzito wake hauusikii saa mbili asubuhi, unausikia saa saba mchana, wakati mikono haishiki tena kipini, inakigusa tu. Unalijua kovu la begani kwangu. Nilikwambia niliangushwa na baiskeli kwenye mteremko wa kushukia Masasi. Somoe, mimi sijawahi kuanguka na baiskeli. Kovu lile ni la Chungwa. Nilikuwa nakata Lupaso, kwa baba yangu mdogo, tangu alfajiri bila kutia kitu tumboni, upanga ukagusa kisiki kilichojificha nyuma ya gogo, mashine ikanirukia. Ilipita kwenye nyama ikasaga mfupa, na sauti ya mfupa niliisikia kwenye meno yangu mwenyewe. Breki ndiyo iliyoizuia isifike shingoni.

Kwa hiyo hata hiyo unayoipenda imeshanila.

Nyekundu, ile tuliyokuwa nayo zamani, ilikuwa nyepesi, upanga mfupi, unazunguka nayo mti mzima ukipunguza matawi na mgongo haulalamiki. Kwa kazi ile ilikuwa mashine nzuri. Narudia, ilikuwa mashine nzuri. Ubaya wa mashine nyepesi ni kwamba inakubembeleza. Inakufanya uishike kwa mkono mmoja, uinyanyue juu ya bega, ukate kwa pua ya upanga kama vile unachokonoa papai. Pua ile, upande wake wa juu, ikigusa mti haikati. Inapanda, na mashine yote inakuja usoni kwako kabla hujapepesa jicho. Chenso zote ziko hivyo, ya chungwa, nyekundu, hata wakikupa ya dhahabu.

Ukifika usitazame rangi. Iwashe, achia kitufe cha mafuta, uone kama mnyororo unasimama. Sukuma breki kwa nyuma ya mkono, mnyororo ugande palepale. Usipoganda, irudishe mezani, hata msimamizi akicheka kwamba mtoto wa kike kaogopa. Acha acheke. Kisha tazama inatoa nini. Ikitoa maranda, kata. Ikitoa unga, mnyororo ni butu, simama ukanoe, kwa sababu ukiwa na mnyororo butu utasukuma, na mtu anayesukuma ndiye anayerushwa. Hilo umefundishwa na mjomba wako Hashimu pale barazani kwake, na amekufundisha vizuri kuliko mimi. Wakataji wa kutoka Tandahimba wanamletea yeye minyororo awanolee. Hakuna anayeuliza amejifunza lini kazi ya kukaa chini.

Sasa nakujibu kama baba.

Unakumbuka mwaka ule bibi yako alipokubali mikorosho mizee ing’olewe, apande miche mipya? Shamba lile, kama mashamba yote ya kwa mama yako, ni la ukoo wa mama. Mimi ni Mmakua wa Lupaso, nilikuja kuoa huku juu, nikajenga kwenye kiwanja nilichoonyeshwa. Nililijua hilo tangu mwanzo. Lakini kulijua ni jambo moja, na kuambiwa mbele za watu ni jingine.

Asubuhi ile mjomba wako alinikuta nafoka. Chungwa ilikuwa butu, nilikuwa nimeigongesha kwenye jiwe siku iliyotangulia. Tupa ilikuwa mfukoni. Robo saa tu ya kunoa, Somoe. Hashimu akaanza utani wake, ule wa kila siku. “Mlamu,” akasema, kama tunavyoitana mashemeji, “wewe Mmakua ulikuja huku na begi moja, na lenyewe la kuazima. Leo unafokea miti ya dada yangu?” Wanawake waliokuwa wanakusanya kuni wakacheka. Mama yako naye akacheka. Siku nyingine ningemjibu, maana mdomo ninao, ningemwambia Wamakonde kazi yao ni kuhesabu mabegi ya wageni. Siku ile nilinyamaza, na kunyamaza kwangu hakukuwa kuzuri. Nikaiacha Chungwa chini na tupa mfukoni, nikachukua Nyekundu.

Nyekundu haikuwa na breki. Niliing’oa mwenyewe, kwa koleo, wiki mbili kabla, kwa sababu kila nikipenya katikati ya matawi ilikuwa inajifunga na kunichelewesha. Nilikitupa kile kipande cha plastiki chooni. Hilo hulijui. Hakuna anayelijua, au hakukuwa na anayelijua mpaka leo saa nane.

Mkorosho mzee unaujua ulivyo. Matawi yake yanashuka mpaka chini, yanaegemea kiwiko, halafu yananyanyuka tena. Tawi la namna ile limejaa nguvu, limekunjwa miaka thelathini, linasubiri mtu alikate likunjuke. Nilisimama mahali pabaya nikiwa najua ni pabaya. Hashimu alikuwa na kamba, kazi yake ni kuvuta matawi yaliyokwisha kukatwa. Bila kumtazama nikasema, “Haya.”

Hilo neno. Sisi kila kitu ni haya. Haya, tuanze. Haya, yatosha. Haya, njoo, na haya, potelea mbali. Mimi nilimaanisha haya, naanza, kaa huko. Yeye alisikia haya, njoo uvute. Akainama akaingia chini ya tawi kushika ncha.

Mpaka hapo ungeweza kusema ni bahati mbaya, watu hawakusikilizana kwenye kelele. Nimejiambia hivyo miaka saba. Lakini nilimwona, Somoe. Niliiona kofia yake, ile ya bluu, ikipita chini ya upanga. Kidole changu kilikuwa kwenye mafuta na nilikuwa na muda wa kukiachia. Sikukiachia. Sikutaka kumkata, nakuapia kwa kaburi la mama yangu. Nilitaka ashtuke. Nilitaka aruke kama mbuzi mbele ya wale wanawake, nao wacheke tena, safari hii wamcheke yeye. Nikabonyeza mafuta zaidi.

Tawi likakunjuka. Pua ikagusa mti. Mashine ikatoka mikononi mwangu ikaenda upande wake, bado inanguruma, kwa sababu kitu cha kuizuia kilikuwa chooni. Ilimpata mguu wa kushoto chini ya goti na haikupita mara moja, ilitafuna. Ilirusha kitambaa cha suruali, kisha nyama, kisha vitu vyeupe, vikanipiga usoni vya moto. Ilipozima mguu ulikuwa umeshikwa na ngozi ya nyuma peke yake. Hashimu hakulia. Aliutazama akasema, “Mlamu, umesema haya.” Kisha akaanza kulia, na sauti ile sitaki uisikie maishani.

Tulikuwa na dumu moja la maji shamba zima, na mama yako alilimwaga lote pale, mchanga ukalinywa. Damu ilikuwa inaruka kwa mapigo. Sikuwa na kamba nyembamba. Nikachomoa kamba ya kuwashia ya Chungwa, nikaing’oa na kipini chake, nikaizungusha juu ya goti, nikatoa tupa mfukoni nikaipitisha kwenye fundo, nikaisokota mpaka kamba ikazama ndani ya nyama na damu ikakata. Yeye ananing’ata mkono, mimi nasokota. Tulimpakia kwenye bodaboda akiwa katikati, mimi nyuma nimeishika tupa isifunguke, kwa njia yote ile ya mchanga. Hospitali daktari aliuliza nani amefunga, nikasema ni mimi, akasema nimemwokoa. Nilipokea sifa hiyo.

Jioni ile wajomba wa mama yako walinikuta nyumbani. Hawakuuliza. Walinipiga kwa fimbo na mateke palepale uani, nikasikia ubavu unavunjika, na mmoja akanyanyua jembe. Hapo nikapata akili ya haraka ambayo afadhali Mungu angeninyima. Nikapiga kelele, “Mnyororo umekatika! Mashine mbovu!” Jembe likasimama hewani. Walikuwa na hasira, walihitaji kitu cha kupiga, nami nikawapa. Nikatambaa nikaiburuta Nyekundu katikati ya uwanja. Nikaomba shoka.

Wewe ndiye uliyeniletea shoka. Ulikuwa darasa la tano, ulikuwa na sare ya shule bado, umelibeba kwa mikono miwili, unalia. Ulisema, “Iue, baba.” Nikaiua mbele yenu. Nilipiga mpaka tangi likapasuka na petroli ikamwagika miguuni, nilipiga upanga mpaka ukapinda, na mnyororo nikaukata kwa shoka kwenye jiwe, ili hata atakayekuja kuangalia aukute umekatika. Watu wakanishika wakisema basi, Baba Somoe, basi. Mama yako akanipangusa damu. Tangu siku ile huku kwetu hakuna anayenunua chenso nyekundu, na wewe umekua ukijua kwamba rangi ndiyo inayoua.

Hilo lenyewe lingetosha. Lakini liko baya zaidi. Hashimu aliporudi kutoka hospitali alikuja hapa kwa magongo yake, hata hajayazoea, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki. Akasema, “Mlamu, unisamehe. Niliingia kabla ya wakati. Nimekuharibia mashine.” Alikuwa analia. Alikuwa ananiomba radhi mimi. Mama yako yupo, wewe upo mlangoni. Nami nikamjibu, “Haya.”

Watu wa shule wanasema neno hilo lina maana nyingine, aibu. Mimi siku ile nililisema nikiwa sina hata chembe yake.

Asubuhi uliponiuliza kuhusu nyekundu, niliona jambo moja tu. Niliona unakwenda kwenye misonobari ya watu ukiwa na elimu niliyoitunga nikiwa natambaa. Utachukua mashine nzito kuliko mikono yako kwa sababu baba yako ni mwoga, na saa saba mchana mikono itachoka. Au watakupa ya rangi ya chungwa isiyo na breki nawe utaiamini. Spana ile haikuwa yako. Nilijirushia mwenyewe nikakosa.

Ndiyo maana baada ya kula nilikwenda kwa mjomba wako. Tupa ile ilikuwa juu ya dari kwenye kitambaa, pamoja na kamba, sijaigusa tangu siku ile. Nikaichukua. Nilimkuta barazani ana mnyororo wa mtu magotini. Nikamwambia yote, kwa mpangilio kama nilivyokuandikia, breki, kofia ya bluu, kidole. Nilipofika kwenye kidole aliweka mnyororo chini taratibu.

“Sogea,” akasema. “Sisikii vizuri.”

Nikasogea. Gongo lilinipata mdomoni. La pili lilinipata sikioni, nikaanguka, naye kwa nguvu ya kupiga akaanguka juu yangu, na palepale chini akaendelea kwa ngumi. Mikono ya mnoaji, Somoe, unaijua ilivyo. Alikuwa anapiga huku anahema. Mkewe akatoka anapiga yowe, “Baba Zuhura, utamuua!” Alizidi kupiga. Sikujikinga. Nilihesabu meno kwa ulimi nikaona moja limetoka. Alipoishiwa pumzi alibaki amenilalia, kifua juu ya kifua, jasho lake linanidondokea machoni. Tulikaa hivyo muda mrefu kuliko inavyofaa watu wazima.

Kisha akajivuta akakaa. Akaiona tupa pale ilipoangukia. Akaifungua kitambaa, akaigeuza, akaitazama kutu na ile rangi nyingine ambayo si kutu. Akachukua kopo lake la oili, akaifuta. Aliifuta jino kwa jino, kama robo saa. Mkewe amesimama, mimi natema damu mchangani, yeye anafuta.

“Hii bado inakata,” akasema. “Mpe mtoto.”

“Mlamu,” nikasema.

“Haya,” akasema.

Nimerudi na neno hilo na sijui ni lipi kati ya yote. Huenda ni ondoka. Huenda ni yamekwisha, ingawa sidhani, mguu hauoti. Huenda ni lile la watu wa shule. Sikuthubutu kumuuliza, na nadhani sina haki ya kuuliza. Mama yako bado hajajua. Nitamwambia kesho, ukishaondoka, na sijui jioni nitalala nyumba ipi. Kiwanja ni cha kwao. Nikiambiwa nirudi Lupaso nitakwenda, safari hii begi litakuwa langu. Usirudi kwa sababu hiyo. Usipande gari kurudi kunitetea wala kunihukumu. Unaweza kunichukia ukiwa kazini, mradi mikono yote miwili iwe kwenye kipini.

Tupa nimeiweka chini kabisa ya begi lako, imefungwa kwa ile kamba. Usiitunze kama ukumbusho. Noa nayo mnyororo wako kila asubuhi mpaka iishe.

Na huko mnapokata, wenzako watakuwa wa kila kabila. Mkubaliane maneno kabla hamjawasha. “Simama” iwe simama. “Toka” iwe toka. “Nakata” iwe nakata. Mtu akikwambia haya, zima mashine umuulize haya ipi.

Mjomba wako amemtuma Zuhura sasa hivi. Anasema kesho atakuja kukuombea dua kabla hujapanda, kama inavyompasa mjomba, na kwamba aandaliwe kiti. Nimekifuta mwenyewe kile cha plastiki. Utatuona tumekaa, yeye na mikono iliyochubuka, mimi na mdomo huu, na sasa unajua. Mpigie goti yeye kwanza.

Gari likiwashwa watu wote watasema lile neno, haya, haya mwanangu, haya safari njema, utalisikia kila dirisha. Mimi sitalisema. Mimi nitakwambia, “Nenda.”

Baba yako